Moto Usio na Kichwa

Uzito haukuondoka kwa siku moja. Ulipungua kama maji ya kisima wakati wa kiangazi, kidogo kidogo, na watu wa mji ule usio na jina wakajifanya hawaoni. Kwanza vumbi lilikataa kutua. Kisha nywele za wanawake zikakataa kulala. Kisha watoto wakaanza kuruka wasirudi upesi, na mama zao wakawafunga kamba viunoni, wakasema ni mchezo. Ilipofika siku ambayo maji yalitoka mtungini yakiwa madonge, yakaelea sebuleni kama macho yaliyong'olewa, hakuna aliyeweza kujifanya tena. Mji ukafungwa kamba kutoka nyumba hadi nyumba, watu wakawa wanatembea kwa mikono, wakishika na kuachia, na kila mmoja akamchukia jirani yake kwa sababu ya miguu iliyompita usoni.

Mize alikuwa mtunza moto wa mji huo. Kazi hiyo yeye na kaka yake Machano waliirithi kwa mama yao, ambaye naye hakukumbuka ameirithi kwa nani. Ndani ya Nyumba ya Moto, jumba la mawe lenye mlango mmoja, palikuwa na mshumaa mnene kama paja la mtu mzima, na mshumaa huo ndio uliokuwa saa ya watu wote. Saa za ukutani, zile za kubembea, zilikwama tangu uzito ulipoanza kupungua. Chupa za mchanga nazo zilibaki na mchanga wake ukizurura katikati, haujui uangukie wapi. Kilichobaki ni nta. Mshumaa ulipokwisha Mize aligonga kengele, akawasha mwingine, na watu wakasema siku imekwisha, hata kama jua lilikuwa bado limewakodolea macho.

Lakini moto huo ulikuwa na kazi kubwa kuliko kuhesabu siku. Mji ulitawaliwa na mtu aliyeitwa Mkuu wa Juu, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini awe yeye, kwa sababu jibu lilitolewa kabla ya swali. Alikaa ghorofa ya juu kabisa. Katika kila sherehe aliwaonyesha watu mshumaa, akawaambia watazame: hata moto, kitu kisicho na akili wala dini, unajua juu ni wapi, na unainua kichwa kumtazama aliye huko. Watu walitazama, wakaona ni kweli. Moto ulikuwa na ncha na ncha ilielekea kwake. Huenda ndivyo kila utawala unavyoanza. Mtu hukuta jambo linalojiendea lenyewe tangu dunia kuumbwa, mto unaoteremka, mbegu inayoota, moshi unaopanda, naye huenda kusimama mwisho wa jambo hilo, akageuka, akasema: mnaona, linanifuata mimi. Na kwa kuwa jambo haliachi kwenda, yeye naye haachi kuwa sahihi. Vizazi vinapita. Watu wanasahau kwamba mto ulikuwepo kabla yake. Wanaanza kuogopa kwamba akiondoka yeye, maji yatasimama.

Uzito ulipokwisha, ncha ikaondoka.

Mize ndiye aliyeona kwanza. Alikuwa akikwangua nta ukutani, na alipogeuka aliukuta ulimi wa moto umenywea. Haukuwa ulimi tena. Ulikuwa duara la buluu, dogo kama ndimu, limeuzunguka utambi pande zote sawasawa, bila mbele wala nyuma. Rangi ya manjano ilikuwa imetoweka. Moshi haukupanda, maana hapakuwa na kupanda. Hewa iliyopata joto haikuwa nyepesi kuliko hewa baridi, hivyo haikuwa na sababu ya kwenda popote. Moto ulikaa ndani ya uchafu wake wenyewe, ukingoja hewa safi ijisogeze chembe kwa chembe. Chumba kilipotulia sana ulififia. Kilipotulia kabisa ulijisonga, ukafa, bila mtu kuupuliza.

Alimwita kaka yake. Machano aliutazama moto ule muda mrefu, mkono mmoja umeshika kamba, kisha akacheka kicheko kidogo, cha mtu aliyeletewa habari aliyokuwa akiishuku.

"Hauna kichwa, dada," alisema. "Haujawahi kuwa nacho. Ulikuwa unasukumwa tu."

Mize alimsihi maneno hayo yaishie pale pale. Alimkumbusha mama yao, alimkumbusha mlinzi aliyempinga Mkuu akapotea, alimwomba hata kwa jina la utotoni ambalo hawakulitumia tena. Machano alisikia yote, wala hakubisha. Lakini alikuwa mtu ambaye neno la kweli likimkaa kifuani humwasha kama upupu. Asubuhi ya pili alikwenda sokoni, akajifunga kwenye nguzo ili asielee, akawaeleza watu kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja bei ya vitunguu, kwamba moto ni duara, kwamba juu haipo tena, na kwamba labda haikuwepo hata zamani ila tulikuwa tunaanguka wote upande mmoja. Watu hawakumshangilia. Walimwangalia kwa chuki, kama vile yeye ndiye aliyewanyang'anya sakafu. Walinzi walipokuja, watu hao hao ndio waliomfungua kwenye nguzo.

Alitiwa katika Chumba cha Utulivu.

Lazima chumba hicho kielezwe, kwa sababu hakikuwa na mateso yoyote ya kuonekana. Kilikuwa kisafi, kimepakwa chokaa, hakina minyororo. Kilichokosekana ni upepo tu. Mahali pasipo na uzito, pumzi aliyoitoa mtu haiondoki puani mwake. Inabaki imemzunguka uso kama mfuko, na pumzi inayofuata anaivuta kutoka kwenye mfuko huo huo. Ndiyo maana kila nyumba ya mji ilikuwa na pangaboi la kusukuma hewa, na mtu wa kuliangalia. Ndani ya Chumba cha Utulivu hakuna kilichosukumwa. Mfungwa alijisonga mwenyewe, kama mshumaa. Mkuu alikipenda chumba kile, akasema ndicho pekee ambamo hakuna mkono wa mtu unaoua. Mlango ulifunguliwa mara moja kwa kila mshumaa, kitambo cha kuingiza chakula, na upepo ulioingia pamoja na chakula ndio uliomfikisha mfungwa mlango wa kesho.

Siku chache baadaye Khelef, mpambe wa Mkuu, alikuja Nyumba ya Moto. Alikuwa mtu mrefu, mwenye adabu, aliyevaa viatu vya chuma kana kwamba kwa chuma hicho uzito ungemkumbuka. Alimsalimu Mize kwa heshima, akamwuliza afya, kisha akamweleza shauri la Mkuu. Baada ya mishumaa mia tatu ingefanywa Siku ya Kusimama. Siku hiyo moto ungesimama mbele ya watu wote, wenye ncha kama zamani, umemwelekea Mkuu. Ukisimama, Machano angetoka. Usiposimama, Mize angeingia chumba cha pili, kilicho ubavuni mwa kile cha kaka yake, nacho kilikuwa tayari kimepakwa chokaa.

Mize aliuliza kama angeweza kumwona. Khelef alisema hapana, kwa sauti ya mtu anayesikitika kwa niaba ya mwingine.

Hivyo akaanza kuusoma moto, yeye aliyekuwa akiutunza miaka yote bila kuujua. Aliuzunguka. Aliugeuza mshumaa kichwa chini, ukabaki duara lile lile, kwa kuwa hakukuwa na chini ya kugeuzia kichwa. Alidondosha tone la mafuta, likabaki hewani. Akaligusa kwa njiti, likawaka kama jua dogo la buluu, likaisha, na hakuna kilichobaki isipokuwa harufu. Alikesha na kushinda hivyo, hajui kipi ni kukesha kipi ni kushinda. Kila moto aliowasha ulikuwa jicho lisilo na kope, linamtazama pande zote kwa mara moja, halimtaki na halimkatai. Aliuchukia. Alifikiri: hiki ndicho nilichokipikia uji, nilichokiotea wakati wa baridi, nilichokizunguka na mama yangu nikisikiliza hadithi. Sura yake yote ile ilikuwa ya kuazima. Mzigo wa dunia ndio uliokipa uso. Na mimi je? Nikipunguziwa kila kinachonivuta, mama aliyekufa, kaka aliyefungwa, kengele, woga, nitabaki na sura gani?

Halafu, kwa uchovu tu, alichukua kipepeo cha ukindu ili aondoe pumzi iliyomjaa usoni, na upepo wake ukaupata mshumaa kwa upande. Duara likavutika. Likatoa mkia mwembamba, mkia ukawa wa manjano kwenye ncha, na kwa muda wa kupepea mara tano Mize aliuona tena moto wa utoto wake, umelala ubavu, unaelekea anakouambia.

Aliacha kupepea. Ukarudi duara.

Akapepea tena, akaona jambo la pili: moto uliopepewa ulikula nta upesi. Mshumaa uliopaswa kumaliza siku uliisha katika theluthi ya siku. Alikaa akautazama utambi uliokwisha, kisha akaelewa alichokishika mkononi. Mlango wa Machano ulifunguliwa mara moja kwa mshumaa.

Kuanzia hapo hakuacha. Alipepea kwa mkono wa kulia hadi ukafa ganzi, akahamia wa kushoto. Aligonga kengele, akawasha, akapepea. Peleka. Rudisha. Hii ni pumzi ya asubuhi, kaka, hii ya mchana, vuta. Peleka. Sikioni lako nasema, hunisikii, vuta. Nani anayepepea hapa? Mkono. Wa nani? Rudisha. Kama ni mama, basi mama hakufa. Kama ni mimi, basi mimi nilikuwa wapi kabla ya upepo huu? Peleka. Tuko wawili kwenye mshumaa mmoja. Mmoja anawaka, mmoja anavuta. Usilale. Rudisha.

Mji ukazeeka haraka. Watu walikuwa hawajamaliza kutafuna, kengele ikawaambia ni kesho. Walilala mara tatu katika mwanga mmoja wa jua, wakaamka na macho mekundu. Mwanamke mmoja alikuja hadi Nyumba ya Moto kumshtaki kwamba mimba yake imetimiza miezi tisa ya mishumaa na tumbo bado halijaonekana; mkunga alikuwa amemwita mwongo. Wengine walitema mate mlangoni, na mate hayo hayakuanguka, yalibaki yakielea hapo, hata Mize alipotaka kutoka alilazimika kupita katikati yake. Hakuna aliyefikiri kuuchunguza mshumaa wenyewe. Walimchukia aliyegonga.

Jambo la tatu alilijua kwa kuungua. Alikuwa amefunga utepe wa pamba kwenye mshumaa ili auone moto ukitembea, naye ameshika ncha moja ya utepe, anapepea. Alitarajia moto uukimbie upepo, kama ulivyofanya katika mashamba ya zamani, ambapo mwenye akili alisimama upande upepo unakotoka, akawa salama. Moto haukukimbia. Uliugeukia upepo. Ulitambaa juu ya utepe kumfuata yeye, chini chini, wa buluu, kimya, hata mchana ule hakuuona mpaka ulipomla vidole viwili. Nyuma yake hapakuwa na kitu ila hewa iliyokwisha kutumika. Mbele ndiko pumzi mpya ilikotoka, na moto ulikuwa na njaa ya pumzi kuliko ya pamba. Aliachia kipepeo kwa maumivu. Kabla hajafikiri afanye nini, moto ulijisonga, ukazimika.

Alifunga vidole kwa kitambaa. Jambo hilo hakumwambia mtu.

Kwenye mshumaa wa mia mbili Mkuu mwenyewe alikuja kuona kazi ilipofika. Mize hakuwahi kumwona karibu. Alikuwa mzee mdogo, mwenye sauti laini, amefungwa kwenye kiti kwa mishipi ya hariri ili asielee mbele ya watu, na kiti chenyewe kilibebwa na walinzi wanne walioning'inia kwenye kamba kama popo. Walimweka upande mmoja wa chumba, wakatangaza kwamba upande huo ndio juu. Mize alikaa upande wa pili na kipepeo. Alipepea kwa utaratibu, bila kukatiza, na duara likavutika, likanyoosha ncha yake hadi kwa Mkuu. Mzee alitokwa na machozi. Yalimng'ang'ania machoni, hayakushuka, mpaka Khelef akamfuta.

Kisha akauliza swali ambalo Mize alilitarajia kwa woga.

"Ukiacha kupepea, utakuwaje?"

"Utarudi duara, Mtukufu."

"Na ukihamia upande ule?"

"Utaelekea upande huu."

Mkuu alikuwa mtu wa kuelewa, na hilo ndilo lililomfanya awe mbaya. Aliutazama mkono wa Mize, vidole vilivyofungwa kitambaa, kipepeo kilichochakaa.

"Basi juu yangu iko mkononi mwako," alisema, na wala hakuonyesha hasira. Akaomba arudishwe nyumbani.

Mishumaa mitatu baadaye lilitangazwa neno jipya. Mkuu wa Juu alikuwa tangu leo Mkuu wa Shina. Ilisemwa kwamba siku zote alikuwa hivyo, na kwamba watu ndio waliokosea kutazama. Moto hauelekei kwake. Moto unatoka kwake, kama tawi linavyotoka kwenye shina, na yeye ndiye aupaye pumzi. Kwa hiyo upepo ataushika mwenyewe. Kila mtu aligeuzwa, miguu ikawa upande kilipokuwa kichwa. Vitanda viling'olewa darini vikapigiliwa sakafuni, au sakafuni vikapigiliwa darini, hakuna aliyeweza kusema. Vikongwe walivunjika mikono. Mwalimu aliyewaacha wanafunzi wake wakae kama jana alipelekwa mahali. Ndani ya siku tatu za mishumaa mji mzima ulikuwa umepinduka, na watu wakaanza kusema kwamba sasa ndiyo wanajisikia vizuri, kule kwa zamani kulikuwa kukiwapa kizunguzungu.

Kwenye ukumbi mkubwa lilijengwa pangaboi la shaba lenye mpini wa kuzungusha, na kiti cha Mkuu kikafungwa nyuma yake. Mbele, hatua ishirini, uliwekwa mshumaa. Na kati ya mshumaa na kiti, kwa kuwa Mkuu alitaka watu waione njia ya pumzi yake, kilitandazwa hewani kitambaa kirefu cha pamba, chembamba, kimefumwa kwa maneno ya sifa.

Mize alikiona kikitandazwa. Alikuwa ameitwa kupima utambi. Aliona ncha moja ya pamba imefungwa chini ya mshumaa na nyingine imefungwa kwenye mkono wa kiti, na vidole vyake viwili vikaanza kupwita.

Khelef alimsogelea, akamwuliza kama mpango ule una hatari yoyote. Aliuliza vizuri, kwa dhati, na alingoja jibu. Mize alimtazama viatu vyake vya chuma. Aliwaza mlango unaofunguliwa mara moja. Aliwaza chumba cha pili na chokaa yake.

"Moto huenda unakopewa pumzi," alisema.

Khelef alilipenda neno hilo. Aliliandika. Kesho yake Mize alilikuta limefumwa kwa uzi mwekundu katikati ya kitambaa.

Siku ya Kusimama ilifanywa mchana kweupe, milango imefungwa, mapangaboi yote ya mji yamezimwa kwa amri, ili pasiwe na upepo mwingine wowote wa kushindana na ule mmoja. Watu mia tano walikuwa wamefungwa kwenye safu za kamba, miguu yao yote imeelekezwa kwa Mkuu. Hawakukaa sana kabla pumzi zao hazijawazonga. Vichwa viliuma. Wengine walianza kusinzia, na walinzi, waliokuwa wakisinzia nao, waliwachoma ubavuni. Kulikuwa na harufu ya watu na nta. Mize alisimama karibu na mshumaa, kwa kuwa yeye ndiye wa kuuwasha, na Khelef ubavuni mwake.

Aliuwasha. Duara likatokea. Watu waliliona kwa mara ya kwanza, lile lililomfunga Machano, na minong'ono ikapita. Mkuu akazungusha mpini. Upepo ukaja, mwembamba, baridi, na duara likanyooka likawa moto wenye ncha, ncha imeelekea mbali naye, kule alikokutaja kuwa juu. Minong'ono ikageuka kuwa kilio. Wapo walioulilia moto kama mtu aliyerudi kutoka safari.

Haukupita muda. Chini ya mshumaa, pale pamba ilipofungwa, kitu cha buluu kilihamia kwenye kitambaa kikaanza kutambaa kuelekea kwenye upepo. Katika mwanga ule wa mchana kilikuwa kama kivuli cha maji. Maneno ya sifa yalibadilika rangi moja moja, yakawa meusi, yakatoweka. Watu waliutazama moto mkubwa. Hakuna aliyetazama kitambaa. Mize alitazama. Alikiona kikila hatua ya kwanza, ya pili, ya tano. Alikuwa na maneno mdomoni, mafupi, ya kutosha. Hatua ya nane. Alijiambia anasubiri kuwa na hakika. Hatua ya kumi, na neno lake mwenyewe la uzi mwekundu likashika moto.

Khelef aliona hapo. Alimshika mkono kwa nguvu, akamwuliza kwa sauti ya chini ni kitu gani kile.

"Mwambie aache kuzungusha," Mize alisema. "Akiacha tu, moto utajifia wenyewe."

Khelef alivuta kamba, akapita kandokando ya ukumbi, akafika kitini, akainama sikioni kwa Mkuu. Mize aliona midomo yake ikisema yale aliyomwambia. Aliona Mkuu akiutazama moto wa buluu uliobakisha hatua tano, akaelewa, kwa sababu alikuwa mtu wa kuelewa. Kisha mzee akainua macho kwa watu mia tano waliokuwa wakilia mbele ya ncha ya moto. Akiacha, ncha ingeondoka. Wangeona duara. Wangeona kwamba shina ni mpini.

Akazungusha kwa kasi zaidi.

Moto uliopata pumzi zaidi ulikuja mbio. Ulifika kwenye mkono wa kiti, ukapanda mshipi wa hariri, ukaingia joho, na joho lote likavaa buluu kimya kimya, halafu manjano. Hakupiga kelele. Mkono wake uliendelea kuzungusha hata watu wa mbele walipoanza kujivuta nyuma kwa kamba wakikanyagana vichwa, uliendelea hata Khelef alipouvuta akaungua viganja, na ulipoacha uliacha kwa kuwa haukuwa tena wa mtu. Pangaboi likapunguza, likasimama. Moto uliomzunguka ukawa donge kubwa la buluu, ukabaki hivyo kidogo, ukimngoja ampe hewa, kisha ukajisonga ukazimika. Na ule wa mshumaa nao ukazimika. Hakuna mtu aliyekuwa na siku tena.

Katika ukimya ule, kabla mtu hajafungua mlango, Khelef alitoa leso, akaifungia kiganja kilichoungua, akashika mpini wa shaba uliokuwa bado moto. Aliwaambia watu wasibadili miguu yao. Wabaki vile vile. Wakabaki. Kisha akamwita Mize kwa ishara ya kichwa, na alipofika akamwuliza, bila kumtazama, asimame wapi ili awe salama. Sasa Mize alimwambia yote, tangu mwanzo hadi mwisho, halikubaki hata neno moja. Khelef alisikiliza kama mwanafunzi. Akampa ufunguo wa Chumba cha Utulivu, si kwa shukrani. Alitaka aondoke mbele yake.

Machano alikuwa anaelea katikati ya chumba cheupe, magoti kifuani, kama kitu ambacho hakijazaliwa. Ndevu zilikuwa zimemzunguka uso pande zote. Mlango ulipofunguliwa hakugeuka. Mize alivua mtandio wake, akajifunga kwenye ndoano ya ukuta, akaanza kumpepea. Alipepea mpaka midomo iliyokuwa ya zambarau ikaanza kupata wekundu, mpaka kifua kikapanda sawasawa, mpaka macho yakafunguka yakamtafuta, yakamkosa, yakamtafuta tena. Kwanza alimwita mama. Kisha alimwita yeye Machano, kwa jina lake mwenyewe, kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa mlangoni na huyu wa ndani ni mwingine. Mize hakumsahihisha. Baadaye fahamu zikamrudia kaka yake, polepole, akajua nani ni nani, akauliza kuna nini huko nje kwamba mlango uko wazi muda mrefu hivi.

Alimsimulia. Hakumficha kitambaa wala mshumaa wala mkono uliozungusha. Machano alisikiliza macho yameganda kwenye chokaa.

"Ulijua moto utamfuata?"

"Nilijua."

"Ulimwambia?"

"Nilimwambia."

Alivuta pumzi mbili, tatu.

"Lini?"

Mize aliendelea kupepea. Huko ukumbini ilisikika sauti ya pangaboi likianza kuzunguka tena, pole, kwa mkono mwangalifu. Machano aliusikia mlio huo, akaelewa kwamba mpini umeshapata mwingine, na ni nani aliyemfundisha, akamgeuzia dada yake kisogo, uso wake ukawa ukutani, pale ambapo upepo wa mtandio haukufika vizuri. Mize alijifungua kwenye ndoano. Alijivuta kwa vidole vyake vibovu kando ya ukuta, akazunguka hadi upande ule, akaanza upya kumpepea usoni, naye akafumba macho ili asimwone, akavuta.